Aliyeulaza Mtini wa Mzee Donato

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikaacha shule nikashika jembe. Nakwambia haya ujue mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Niliyoyaona hapa Weston, Toronto, niliyaona kwa macho yangu, na jua lilikuwa halijazama.

Jirani yangu Mzee Donato, Mwitaliano, alilazwa hospitali baridi ikikaribia. Mtini wake, mti wa tini uliokuwa uani, ulitokana na kijiti alichokuja nacho kutoka kijijini kwao milimani. Kila mwaka, kama wafanyavyo kwao, hukata mizizi ya upande mmoja, akaulaza mti ndani ya shimo na kuufukia mpaka baridi iishe.

"Jirani, nizikie mti wangu," aliniambia kwa simu. "Ukifa huo, sina cha kunirudisha nyumbani."

Mimi, mtoto wa milima ya Taita, nifundishwe kilimo? Nizike mti mzima! Nikaufunga mablanketi. Mke wangu akacheka: "Baba Mghoi, koti umeuvalisha, bado soksi."

Theluji ikaanguka, ardhi ikawa jiwe. Jioni moja nikaona mtu uani kwa Donato. Kajifunika ngozi ya kondoo, kavaa viatu vya mbao, mkono mmoja hauna vidole. Mablanketi yangu kayatupa kule! Nikatoka mbio. "We! Unafanya nini hapo?"

Hakugeuka. "Shika matawi," akasema. Kiitaliano sijui hata salamu, lakini nilimwelewa kama ninavyomwelewa mama yangu. Utabisha? Nikashika. Jembe lake liliingia kwenye barafu kama mwiko kwenye uji. Tukaulaza mti, tukaweka mbao, tukafukia. Nilipoinuka, niko peke yangu. Kwenye theluji, nyayo ni zangu tu.

Nikampigia Donato. Nilipofika kwenye vidole, akacheka hadi akakohoa. Akasema, zamani za mabwana wa ngome, mkulima mmoja wa kijiji chao alikatwa vidole kwa kukataa kung'oa mitini ili bwana apande ngano. Mpaka leo, anayezika mti humwachia mkate juu ya udongo.

"Mimi sijawahi kumnyima," akasema. "Kumbe njia ya huku anaijua!"

Kiangazi kilichofuata Donato alikula tini uani kwake, miguu peku, utomvu ukimtiririka mkononi. Niamini, siku hiyo ndipo nilipopumua.

Wewe ukiachiwa mti wa mtu, fanya alivyosema mwenyewe. Usingoje kuja kufundishwa kama mimi.

Leo nina nyumba ya matofali, gari, mke yuleyule, jembe la baba, na mtini mmoja mchanga, mtoto wa ule. Mkate nimeshauweka. Mti umelala.