Haki Yangu ya Kutokimbiza Wezi

Nilipohama Kiloleli kuja kuishi ukweni Nkoma, nilikuja na woga wangu wote. Baba mkwe aliujua. Akazungumza na mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji, wakakubaliana: mwano ukilia, lile yowe la wizi wa ng'ombe, mimi nibaki ndani, na nikikosa jambo, nisisimamishwe mbele ya mkutano wa kijiji, shauri langu lisikilizwe nyumbani kwake. Niliupenda mkataba ule kuliko shamba la pamba, ingawa shamba nalo sikulipenda sana.

Mwaka juzi wezi walianza kuja mchana. Walichukua ng'ombe machungani, jirani mmoja akapigwa mshale wa paja. Tangu siku hiyo hata chai nilikunywa nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani.

Asubuhi moja mtemi akaja. Hakufoka. Alisema neno lake ni neno, hawezi kunilazimisha. Ila vijana wanaotoka wanauliza kwa nini wao wachomwe mishale na mkwe wa mji huu abaki na redio yake, na siku wezi wakiingia zizi la hapa, atoke nani? Baba mkwe akanitetea kwamba nina kifua kibovu, habari ambayo hata mimi niliisikia pale pale. Akanigeukia: wewe umemaliza fomu foo, vitabu vinasemaje juu ya mikataba ya wageni?

Hapo mdomo ukaniponza. Nikasimulia somo la historia: jinsi Waingereza na Wamarekani walivyoishi Uchina kwa mikataba ya zamani, wakikosa wanahukumiwa na wakubwa wao wenyewe, si na mahakama za Wachina. Vita kuu ya pili ikaja, wote wakawa upande mmoja. Wachina wakauliza, undugu gani huu wa kufa pamoja lakini kuhukumiwa mbalimbali? Mazungumzo yakaenda huku mabomu yanaanguka, na zile nchi kubwa zikaziachia haki zao, maana zilimhitaji Mchina abaki vitani. Nilisimulia kwa mikono miwili, nikasahau kabisa kwamba mgeni wa pale ni mimi.

“Waliziachia vita ikiwa bado inapiganwa?” mtemi akauliza.

“Ndiyo, mtemi.”

“Hawakungoja iishe.”

“Hawakungoja.”

Baba mkwe akafumba macho. “Mwanangu,” akasema, “ungejibu kwamba hujui, ungepungukiwa nini?”

Mkataba ukafia hapo. Baba mkwe alichonipatia ni kimoja tu, nisitangulizwe mbele. Wala asiwe wa mwisho, mke wangu akadakia toka jikoni, huyo atarudi nyumbani bila mtu kujua.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, mwano ukalia. Nikazima redio, nikatoka. Tukafuata nyayo za ng'ombe mashambani mpaka kwenye kichaka ambako kinyesi kilikuwa bado kina joto. Mtemi akaanza kutugawa kwa ishara. Aliponifikia aliniuliza kwa sauti ya chini kama naogopa.

Nikamwambia naogopa sana.

“Na sisi pia,” akasema. “Shika kulia.”