Hedifoni ya Mama na Tarumbeta ya Kijiji

Betri za redio zilizoanikwa juani zina harufu ambayo sijaikuta kwingine. Ina ukali wa chuma na utamu kidogo, kama karatasi iliyoachwa karibu na moto. Kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka stesheni ya Igalula, harufu hiyo ilichanganyika na ile ya tumbaku iliyokaushwa katika mabanda ya kijiji. Betri zikichoka, wazee walizipanga juu ya kipande cha bati mbele ya ofisi ili jua lizirudishie uhai kidogo, nasi watoto tulizilinda dhidi ya kuku na mbuzi kama tulivyolinda mtama dhidi ya ndege. Hadi leo nikipita kwenye duka la vifaa vya umeme saa ya jua kali, pua yangu huenda kule kabla ya akili.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mistari, na majirani tuliowakuta walikuwa wageni kwetu kama sisi tulivyokuwa wageni kwao. Wengine walitoka Puge na majembe yao, wengine Ziba na ng'ombe wao, na sisi tulitoka karibu na ile barabara ya zamani ya misafara iliyokuwa ikielekea Ujiji. Babu yake mama alikuwa kirangozi, yaani yule mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi, na ambaye neno lake lilipaswa kufika hadi kwa mpagazi wa mwisho. Mama alirithi sauti hiyo. Aliweza kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya mbuga, na ng'ombe akageuka. Lakini katika kijiji kile kipya hakuna aliyejali sauti yake. Alijulikana tu kama Mama Yohana, kwa sababu kaka yangu Yohana alikuwa mlinda mlango wa timu ya mkoa, naye ndiye alikuwa fahari yetu sote.

Kiangazi hicho ikaja habari kwamba timu yetu ya mkoa imefika fainali ya kombe la mikoa, itacheza Dar es Salaam, na mpira utatangazwa redioni. Mama alishindwa kula. Tatizo lilikuwa redio yenyewe. Redio ya kijiji ilikuwa kiboksi ambacho mzee angeweza kukikumbatia kwa mkono mmoja, na watu wakikusanyika walisikia wale wa mbele tu. Wa nyuma waliishia kuuliza, "Kasemaje?" na kujibiwa uongo. Mkutano ukaitishwa, ukaamua kwamba mapato ya asali ya kijiji yatumike kununua chombo cha kusikilizia. Mwenyekiti wetu, Mzee Kasanda, alichaguliwa kwenda mjini pamoja na mama, aliyekuwa mjumbe wa akina mama. Shule ilikuwa imefungwa, nikaruhusiwa kuwafuata.

Duka lilikuwa la Bwana Haridas, Mhindi aliyezaliwa Tabora, aliyezungumza Kiswahili laini kuliko cha mwalimu wetu. Alimsalimu mama kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mama," kisha akatuwekea mezani vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa spika kubwa ya bati yenye mdomo mpana, ambayo kila mtu aliiita tarumbeta. Cha pili kilikuwa hedifoni, vikombe viwili vyeusi vilivyounganishwa kwa utepe wa chuma wa kupita utosini. Cha tatu kilikuwa kidude kidogo chenye waya mwembamba, cha kuchomeka ndani ya sikio moja. Mimi nilikiona kama punje ya hindi.

"Sikiliza, Mzee," alisema Bwana Haridas. "Tarumbeta ni ya watu wengi, lakini ina tumbo kubwa. Inataka betri ya gari, na ukiicheza mchana kutwa itaimaliza. Hedifoni ni ya mtu mmoja, inakula kidogo sana, na utasikia hata mtangazaji akimeza mate. Hiki kidogo ni cha msafiri. Unakitia sikioni, sikio la pili linabaki barabarani."

Mzee Kasanda alitaka tarumbeta tangu alipoiona. Mama aliomba avae hedifoni. Bwana Haridas alichomeka waya kwenye redio ya dukani, na mama akaruka kidogo, akapiga kelele kama mtu anayeita toka ng'ambo ya mto: "Huyu mtu yumo kichwani mwangu!" Wateja wote walicheka, naye akacheka pia alipovua. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwenyekiti, tuchukue na hii. Tarumbeta ikiugua siku yenyewe, tutasikia kwa kitu gani?"

"Hii ni ya mtu mmoja," Mzee Kasanda alijibu. "Sisi tuko kwenye Ujamaa, Mama Yohana. Au unataka umsikilize Yohana wako peke yako?"

Neno lile lilimchoma, nililiona likimchoma. Alikuwa amekuja mjini na asali yake mwenyewe ndani ya kibuyu, aliyokusudia kuibadilisha kwa kanga ya kuvaa siku ya mpira. Alikisukuma kibuyu kile mbele ya Bwana Haridas, wakaelewana, na tukarudi Igalula kwa treni, Mwenyekiti akiwa amepakata tarumbeta na mama amepakata hedifoni, wakitazama madirisha tofauti. Baba alipouliza kanga iko wapi, mama alisema tu, "Akiba haiozi," akaifunga hedifoni katika kitambaa na kuitundika ukutani.

Siku ya mpira kijiji kilijaa kuliko sikukuu. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya jirani, na wafugaji walikuja na fimbo zao. Tarumbeta ilifungwa juu ya nguzo ya mninga iliyosimikwa mbele ya ofisi, na tangu asubuhi Mwenyekiti aliagiza upigwe muziki wa dansi ili wageni wajue kwamba kijiji chetu kimeendelea. Alasiri mpira ulipoanza, sauti ya mtangazaji ilimwagika hadi kwenye mabanda ya tumbaku. Tulisimama tukashangilia kila jina. Kisha wapinzani wakapiga mpira wa mbali, Yohana akaudaka, ukamponyoka, ukaingia. Tarumbeta ilitangaza kosa lile kwa kijiji kizima. Nyuma yangu mtu alisema, "Mikono ya siagi," na wengine wakacheka. Mama hakugeuka.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu pale tarumbeta ilipokoroma, ikapiga chafya, ikanyamaza. Betri ya gari ilikuwa imeliwa na muziki wa asubuhi. Redio yenyewe bado ilikuwa hai kwa betri zake ndogo, lakini sauti yake ilikuwa kama ya mbu, na watu walikuwa wengi mno. Ikawa vurugu. Vijana waligombania nafasi ya kuweka sikio kwenye kiboksi, mmoja akamkanyaga mwingine, fimbo ikainuliwa. Wageni wakaanza kuchukua baiskeli zao. Mzee Kasanda alisimama katikati akipunga mikono, na sauti yake haikusikika.

Mama alikuwa ameshaondoka. Alirudi na hedifoni mkononi, akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia, akachomeka waya, akaivaa juu ya kilemba chake, na kupanda juu ya benchi la ofisi. Alifumba macho. Watu wakamlilia: "Sema, mama! Sema!" Hakuwasikia, masikio yake yote mawili yalikuwa Dar es Salaam. Kisha akafungua kinywa, na ile sauti ya kuita ng'ombe ikatoka.

Mama hakuwahi kuona mpira wa miguu ukichezwa uwanjani. Hakujua kiungo wala winga. Lakini alijua ng'ombe. "Wamempata ndama!" alisema. "Wanampeleka. Huyu kampa mwenzake, mwenzake kampitisha pembeni, kwenye majani. Wanamzunguka! Ametoroka! Anatafuta mlango wa zizi!" Watu walicheka mwanzoni. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu waliona. Wazee wa Ziba, ambao nusu ya kwanza walikuwa wakisinzia, walisogea mbele. Pale mtangazaji alipokwenda mbio na Kiswahili kikamkwama mama, alitia Kinyamwezi, na hakuna aliyepotea. Tuliposawazisha, alirusha mikono yote miwili angani kabla hajasema neno, na kijiji kikapiga yowe kwa kuiona mikono tu.

Jambo ninalojivunia zaidi lilitokea baada ya hapo. Wapinzani walivamia, na mama akasema, bila kupunguza sauti, "Yohana ametoka nje ya zizi. Amekosea. Ameukosa mpira! Umegonga mwamba, Mungu ametusaidia." Angeweza kulificha. Hakuna aliyekuwa na sikio lingine la kuhakikisha. Lakini alilisema kosa la mwanawe mbele ya watu walewale waliomcheka, kwa sauti ileile aliyoitumia kutangaza goli. Nilimwona Mzee Kasanda akimtazama, kisha akitazama chini.

Karibu na mwisho, mama alinyamaza ghafla. Aliweka kiganja mdomoni. Tulingoja. "Penalti," alisema hatimaye. "Yao." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uso wake pale juu ya benchi ulikuwa uso wa mtu aliyebeba mtungi uliojaa kwenye njia ya utelezi. Mwenyekiti alimsogelea, akasema taratibu, ingawa hakuweza kumsikia, "Tuambie, dada yangu." Ng'ombe mmoja alilia mbali huko. Nilishika shati la baba.

"Kadaka," mama alisema. Alisema kwa sauti ndogo kuliko zote alizotumia siku hiyo, nasi wote tukaisikia. Kisha akapaza: "Kadaka! Kaulalia! Hataki kuuachia!"

Sikumbuki nani alimbeba. Nakumbuka tu kilemba chake kikielea juu ya vichwa vya watu, waya wa hedifoni ukining'inia begani, naye akipiga kelele awekwe chini, mpira haujaisha. Uliisha kwa sare. Mechi ya marudiano tulifungwa, tena vibaya, na sijawahi kukutana na mtu wa kijiji kile anayeikumbuka. Jioni ileile Mzee Kasanda alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama Yohana, nilikuvunjia heshima mjini. Lile sikio lako ni la kijiji." Mama alimkaribisha ugali. Tangu hapo, kila jioni baada ya taarifa ya habari, alisimama mbele ya ofisi na kuwaeleza watu bei ya tumbaku, mvua, na mambo ya dunia, na tarumbeta ikabaki kwa ajili ya sherehe. Watu wa Puge, wa Ziba na sisi wa ile barabara ya misafara tulijifunza kusimama pamoja mbele ya mwanamke yule mmoja.

Siku hizi ninaishi Tabora mjini, na mjukuu wangu Daudi anacheza michezo ya kompyuta na wenzake walio Mwanza na Dar es Salaam. Mwezi uliopita aliniuliza, kwa mzaha, anunue spika, hedifoni au vile vidude vya kuchomeka ndani ya sikio. Alishangaa nilipomjibu kwa makini. Nilimwambia spika ni nzuri kama marafiki wako wamo chumbani na jirani ni mvumilivu. Vidude ni vyepesi, havichomi kichwa kwa joto letu hili. Lakini kama unataka kujua adui anakujia kutoka kushoto au kulia, hakuna kama hedifoni. Akachukua hedifoni. Anasikia hatua za mtu aliye nyuma ya ukuta wa picha, na simwonei wivu wala simlaumu. Sikio halilali na njaa, na kila kizazi kina chakula chake. Ila namwona akicheka peke yake chumbani na sijui anacheka nini. Sisi tulikuwa na hedifoni moja kijiji kizima, na hapakuwa na aliyecheka peke yake.

Mama tulimzika miaka michache iliyopita. Walikuja watu kutoka mbali, wengi wao nisiowajua. Mzee mmoja aliyekuja toka upande wa Ziba, amekonda, macho yake yameingia ukungu, alinishika mkono muda mrefu. Aliniambia kwamba ujanani alikwenda kwa baiskeli kijijini kwetu siku ya fainali, na kwamba baadaye maishani aliingia viwanjani, Mwanza na hata Dar es Salaam, akatazama timu kubwa. "Lakini mpira mzuri niliouona kwa macho yangu haya," alisema, "ni ule wa kijijini kwenu."

Sikumsahihisha. Hata mimi niliuona.