Nilimuficha binti yangu kifo cha baba yake juu ya zamu ya machini

Kwanza nakusalimia wewe mwenye kushika ukurasa huu, na watu wote wenye kuusoma. Hapa mutaani kwetu Ndosho mama mukwe anawasalimia, shemeji yangu, ndugu ya bwana yangu, anawasalimia, wajukuu wawili nao, hata mutoto wangu wa mwisho mwenye homa. Musitaje jina langu. Niko mama wa miaka makumi tano na tatu, mujane wa mwezi moja. Masomo yangu yaliishia primaire, shule ya musingi.

Binti yangu wa kwanza anasoma Ulaya. Kazi yake alitueleza kwa telefone: wanatupa vitu vidogo sana, vinaitwa muoni, ndani ya kipande cha chuma. Kila kimoja kiko sawa sumaku ndogo. Kinazunguka, kinakufa mbio, na kwa namna kimekufa wanajua sumaku iliyofichwa mule ndani. Wanatafuta waya za kupitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Bwana yangu alicheka: "Ee mama, zilete Ndosho! Siye huku hata umeme wa kupoteza hatuna."

Machini ya kutupa hivyo vitu, mashine kubwa, wanaipata kwa zamu. Aliomba, wakakataa, akaomba tena, wakamupa siku ine. Siku ya kwanza ya zamu, presha ikamuua bwana yangu.

Kwetu Masisi, kule tulitoka, mutoto wa kwanza ndiye anatupa udongo wa kwanza kaburini. Akiwa mbali, anasema kwa telefone nani atupe mahali pake. Mimi nikawaza: nikimwambia, ataacha machini, na zamu haitarudi. Wadogo zake nikawakataza kumwandikia. Ndugu za bwana yangu nikawaambia, "Nimemwita kwa telefone, hajibu." Tukazika.

Siku ya tano binti akaita kwa telefone, sauti yote furaha. "Mama, tumeona! Umeme unapita bila kupotea, na sumaku iko mule mule! Nipe Papa nimwelezee."

Nikajibu, "Papa ameenda soko la Kituku kununua samaki."

Kesho yake binamu yake akamutumia foto ya musalaba wa kaburi. Binti akaniita, hakupiga kelele. Alisema pole pole: "Mama, kwa machini tuko watu wane, tunapokezana. Ningetoka, kazi ingeendelea. Ungeniuliza tu."

Sasa shemeji anamutukana kila siku: "Huyo Wazungu wamemumeza! Siku ya kutoa kilio, ya kumaliza matanga, asikanyage hapa." Mama mukwe ameondosha foto ya binti ukutani. Mimi naosha sahani. Binti ameniandikia mara moja tu: "Sema ukweli mbele yao, ndipo tutaongea."

Nikisema, shemeji atanifukuza kwa hii parsele, hiki kiwanja tunakaa, na huyu wa mwisho nitamupeleka wapi? Nikinyamaza, wa kwanza nimemupoteza kwa mikono yangu.

Tunatoa kilio Jumamosi hii. Wamama wenzangu, nifanye nini? Munijibu mbio, siku zimebaki tatu.