Chura Asiye na Kipande

Sisi tuliokulia upande wa Ruiru siku za kafyu ya wakoloni hatukujua kutulia. Mpira wa majani ya migomba tuliupiga jicho moja likiwa kwenye jua, githeri tukala tumechuchumaa, maana filimbi ya jioni ikilia kila mtu awe ndani ya kijiji. Na bado, wenzangu, tulicheka sana.

Maji tuliteka kwenye chemchemi iliyokuwa nje, chini ya mashamba ya kahawa. Humo aliishi chura mmoja, mnene kama mzee wa kanisa. Kina mama walimpenda. Chura akiwepo, walisema, maji ni mazima. Dada yangu Wambui hakutaka hata kumwona. Kiangazi kimoja, maji yamebaki kidogo, alimchota na debe, akambeba mpaka karibu na lango la kijiji, akamtupa kwenye kahawa.

Alipotusimulia alikuwa anacheka. Mama hakucheka. Aliinuka, akaketi, akaepua sufuria, akairudisha motoni. Akasema Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, hakumwambia awafukuze aliowakuta. Kisha akatutoa nje sote wawili, naye akafuata, na jua limeshakuwa jekundu.

Tulitambaa chini ya miti ya kahawa tukipekua majani makavu. Wambui alilia kimya kimya. Chura hakai bila maji, na filimbi haimngoji mtu. Mwishowe Wambui akamwona, amejaa vumbi, koo likipigapiga. Mama akamfunga kwa jani la mgomba.

Njiani kwenda chemchemi tukakutana na askari wa kijiji. Mama akatoa kipande chake, ile karatasi ya serikali ambayo bila hiyo hutembei. Askari akaonyesha lile jani, Wambui akalifungua.

"Na huyu, kipande chake kiko wapi?"

"Hana, afande," mama akasema. "Huyu yuko kwao."

Askari akaangalia jua, akamwangalia chura.

"Basi kimbieni. Filimbi nitapuliza nikimaliza sigara."

Tulikimbia mpaka pumzi zikatuishia. Chura akaingia majini, wala hakuaga.

Siku hizi pale pana nyumba za kupangisha, na vijana wakiona chura wanapanda juu ya viti, tena wenye ndevu. Maji yanakuja kwa mfereji, safi, siku yakijisikia. Sina ugomvi na mfereji. Ila kila nikijaza ndoo nainama kidogo, natazama ndani, na nikikuta yule mwenye nyumba mnene hayupo, siku yote situlii.