Mtu Akae Kwa Valvu

Siku yangu ya kwanza kwenye mradi wa maji, miaka ya tisini, nilitoka Kawangware na viatu vya kuazima. Fomeni, msimamizi wetu, hakunionyesha kazi yangu. "Hapa hakuna kazi ya huyu na ya yule," alisema. "Sisi ni timu." Nikafurahi, mjinga mimi.

Tulilaza mabomba kutoka mtaa wa Olympic kuteremka mtaa wa Lindi. Kule juu Olympic kulikuwa na valvu, koki kubwa ya kufungia maji, inayozungushwa kwa spana ndefu. Fundi akiwa mtaroni, valvu hufungwa na hulindwa.

Asubuhi moja tuliifunga ili Otieno, fundi wetu wa kuunga mabomba, ashuke kwenye mtaro uliomzidi kimo. Fomeni akapaza sauti, "Mtu akae pale kwa valvu!" Sote tukaitikia sawa. Mimi nikapanda huko juu kuelekea kibanda cha chai.

Mwenzetu mmoja akapita Olympic, akakuta akina mama wenye mitungi wanalalamikia maji kukatika, na spana ya valvu haina mwenyewe. Akawahurumia, akadhani Otieno ameshatoka mtaroni, akafungua.

Nikiwa na kikombe mkononi nilisikia mayowe. Ukuta wa mtaro ulikuwa umeporomoka, udongo umembana Otieno miguu, maji yanampanda kifuani. "Fungeni, jo! Nakufa!" Nilikimbia hadi kwenye valvu, nikazungusha spana mpaka viganja vikachubuka. Niliporudi, maji yalikuwa yamesimama kidevuni. Tulimfukua kwa mikono. Mguu mmoja haukupona.

"Si nilisema mtu akae?" fomeni alifoka. Huyo mtu hakuwa na jina.

Miaka ilipita, nikapewa usimamizi, nikawa mkali kama pilipili. Kila asubuhi niliandika kwa chaki kwenye kifuniko cha sanduku la vifaa: kazi, na jina moja mbele yake. Moja tu. Na aliyeshuka mtaroni alishuka na spana ya valvu.

"Mzee, hii ni site ama shule?" vijana walinicheka.

"Ni site. Leta jina."

Nilipostaafu, Otieno alikuja kuniaga na mkongojo wake. Nikamtolea lililonikaa rohoni: siku ile hakukuwa na mtu wa valvu.

"Alikuwepo," akasema. "Nilikuona ukipanda huko juu. Ndio maana nilishuka."