Nilificha Kofia ya Mtani Wangu Siku ya Fainali

Jamani, mimi ndiye niliyesababisha mtani wangu apoteze jicho. Nalisema hilo kwanza, maana nikianza na maelezo nitajikuta najitetea, na sina cha kujitetea. Watu wa Singida wanaamini ilikuwa ajali ya mchezo. Haikuwa ajali!

Ninaandika haya kwa kujificha. Mume wangu yuko nje anatengeneza banda la kuku, na kila nikisikia hatua zake naficha karatasi. Yeye hajui. Watoto hawajui. Baba yangu amekufa majuzi bila kujua.

Ilikuwa enzi za ruksa. Biashara zilifunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, na kila mwenye mtaji akaanzisha jambo lake. Hapa mjini palikuwa na tajiri mmoja Mhindi, mwenye duka la vitambaa na mashine ya kukamua alizeti. Ujanani alicheza mpira wa magongo, na mambo yake yalipomnyookea akaunda timu. Tena si ya wanaume! Alituchukua sisi wasichana, akatulipa mshahara kwa kucheza tu. Watu walimcheka, wakasema Mhindi amechanganyikiwa, wasichana wakimbizane na magongo halafu walipwe. Tulipoanza kurudi na vikombe kutoka Dodoma, Tabora na Arusha, haohao ndio waliokuja kutupokea na ngoma.

Asiyeujua mchezo ule anaweza kudhani ni wa kitoto. Mpira wake ni mdogo, unaenea kiganjani, lakini ni mgumu kama jiwe. Na sisi tulichezea uwanja wa changarawe. Mpira ukigonga kokoto unaruka, hujui utakupata wapi. Ndiyo maana golikipa alivaa pedi miguuni na kofia ngumu yenye vyuma vya kukinga uso. Kofia yetu tajiri aliiagiza kutoka nje, na ilikuwa moja tu kwa timu nzima.

Golikipa wetu wa kutegemewa alikuwa Msukuma. Nitamwita Kabula, si jina lake. Mimi nilikuwa wa akiba. Mimi ni Mnyaturu wa Unyambwa, kwa hiyo kwa desturi ya makabila yetu Kabula alikuwa mtani wangu kabisa, na utani wetu ulikuwa wa moto. Nikimkuta anakula namwambia pole, leo hakuna michembe, viazi vyenu vya kukausha, utalala njaa. Yeye anasema Mnyaturu akikosa ugali wa uwele siku mbili anasahau hata jina la mama yake. Akiacha kanga naichukua naificha, mpaka aje kuikomboa kwa soda au pingili ya muwa. Viatu vyangu navyo alivichukua mara nyingi, nikavikomboa. Mtani hakasiriki. Anajua kitu chake kitarudi, kinachobaki ni kubishana tu atakikomboa kwa kitu gani.

Sasa oneni nilivyouharibu utani huo.

Tuliingia fainali, tucheze na timu ya Arusha hapahapa nyumbani. Tajiri akatangaza kwamba tukishinda tutakwenda Nairobi, ila kwenye gari nafasi ni chache, atachukua golikipa mmoja. Hakutaja nani, na hakuna aliyeuliza. Misimu miwili nilikuwa nimekaa benchi nampigia Kabula makofi. Nilicheka naye, nililala naye chumba kimoja, na moyoni nilikuwa naomba augue malaria. Mungu anisamehe!

Siku yenyewe, wenzangu wakiwa nje wanapasha misuli, nikaichukua ile kofia pale kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikaitia kwenye begi langu, nikaifunika kwa kanga. Nikajiambia ni utani. Kweli nilijiambia hivyo! Lakini hesabu yangu ilikuwa nyingine. Nilijua hakuna golikipa mwenye akili atakayesimama golini uso wazi. Kabula atagoma, mimi nitajitolea, halafu nikishapangwa kofia "itaonekana" kwenye gunia la mipira.

Basi ikatafutwa. Kocha, mwalimu wa shule aliyekuwa mpole siku zote, akaanza kufoka. Tajiri mwenyewe akaja na kanzu yake nyeupe, akapiga magoti kupekua magunia. Nami nikajifanya natafuta, nainua hiki, naweka kile. Kabula alisimama katikati ya chumba akanitazama, akacheka kidogo. Kisha akamwambia kocha waache kusumbuka, yeye ataingia hivyohivyo, kofia itapatikana tu.

Akaingia uso wazi!

Nilikaa benchi na begi miguuni. Jamani, sijawahi kuogopa vile. Kila mpira ulipoelekea kwake nilifumba macho. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu, nipaze sauti: mtani, njoo ukomboe! Watu wangecheka, ningetukanwa kidogo, yangeisha. Lakini nilimtazama kocha alivyofura, nikamtazama tajiri, nikatazama ule umati. Utani gani wa kuficha kofia siku ya fainali? Watanijua. Nikasema ngoja kwanza mchezo utulie. Haukutulia, na mimi sikusimama.

Msichana mmoja wa Arusha alipiga kutoka karibu. Mpira ukagonga kokoto, ukapanda.

Kabula hakulia. Alikaa chini taratibu, mikono usoni, na damu ikawa inapita katikati ya vidole. Wakamkimbiza kwenye pikapu ya tajiri kwenda hospitali. Kocha akageuka akaniambia niingie.

Hapa ndipo ninapojiogopa mwenyewe. Nilifungua begi mbele ya uwanja mzima, nikaitoa kofia, nikaivaa! Hakuna aliyeona, macho yote yalikuwa kwenye gari. Baadaye nikasema niliikuta chini ya nguo za wenzangu pale benchi, nao wakaamini. Tulishinda. Walinibeba juu juu, na mimi huku nalia, wakasema naona uchungu kwa ajili ya mwenzangu.

Nairobi nilikwenda. Sikudaka kitu. Kila mpira ukija nilikuwa nageuza uso, na kofia nimevaa! Tulifungwa mpaka wapinzani wakatuonea huruma. Kocha akasema nina mshtuko, niachwe nipumzike. Huruma yake iliniuma kuliko kipigo. Tuliporudi, wazazi wakaanza kuwatoa binti zao, wakiuliza mchezo gani huu unaotoa watu macho. Msimu uliofuata timu ikavunjika. Wenzangu waliokuwa wanalisha familia kwa magongo wakarudi shambani na kwenye genge la kuuza mboga. Yote hayo kwa mkono wangu.

Kabula walimtoa jicho. Hospitali nilikwenda mara moja, nikaishia mlangoni, nikasikia anaongea na nesi, nikageuka. Baadaye nikasikia ameolewa upande wa Nduguti. Nikashukuru kuwa ni mbali. Kwa miaka mingi nikimwona mwanamke mrefu wa Kisukuma sokoni navuka barabara.

Halafu baba akafa.

Msiba wa Mnyaturu haukosi watani. Walikuja kama ilivyo desturi, wakagombania sufuria, wakazuia njia ya makaburini mpaka ikombolewe. Na Kabula alikuwamo! Alivaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, hata mama aliyekuwa hajala siku mbili akacheka. Kisha akasimama mbele yangu, akaninyooshea kidole, akawatangazia watu kwamba huyu binti ana kitu cha mtani wake, alikichukua zamani na hajakirudisha mpaka leo.

Msiba mzima ukacheka. Wakapiga kelele nimrudishie mtani kitu chake. Mimi nikakaa chini, nikajifunika uso kwa kanga, wakadhani ni kilio cha baba.

Baada ya maziko alinikuta nyuma ya nyumba ninaosha vyombo. Akachuchumaa, akachukua sufuria akaanza kuisugua kwa mchanga.

"Nilikuona ulivyoichukua," akasema. "Nilikuwa dirishani."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Sasa kwa nini uliingia?"

"Nilijua utaileta. Si ulikuwa mtani wangu?"

Hakusema kwa hasira. Alisuuza sufuria, akaifunika juu ya kichanja, akaenda kuwaaga wazee.

Ndugu zangu mnaosoma, mchukulieni mtani kitu chake, mcheke, akikomboe, ndiyo raha yetu. Lakini ukijua moyoni una wivu na mtu, usimtanie hata kidogo. Kaa mbali naye mpaka upone. Na kama kuna kitu cha mwenzako umekificha, kitoe leo, mbele ya watu hivyohivyo. Usingoje mambo yatulie kama mimi.

Arobaini ya baba ni Jumamosi. Kabula ametuma salamu kwamba atakuja. Ukoo wote utakuwepo, na mume wangu na wanangu watakuwepo. Nimeazimia nisimame niseme mwenyewe kabla yeye hajaanza utani wake. Ninaogopa! Tangu juzi, kila nikiwa peke yangu nayajaribu yale maneno, na kila nikifika kwenye neno kofia narudi mwanzo.