Baba Daktari

Kwanza nilisikia karasha, mashine ya baba ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilikuwa bado nimefumba macho, na mipira ya chuma ilikuwa tayari inagongana ndani ya pipa lake, ikisaga mawe ya wachimbaji wa Nyarugusu. Kwa mlio huo nilijua baba ameshaliwasha, na kwamba siku yangu ya kwenda chuo imefika.

Tangu nifaulu baiolojia, majirani walimwita Baba Daktari. Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake, na safari hii watu waliwahi mno: walimpa cheo kabla mimi sijapata shahada. Akalivaa jina hilo kama koti la sikukuu. Lakini mimi nilikuwa nimechagua fani nyingine, mpya kabisa, ya kuponya udongo ulioharibiwa na zebaki ya machimboni.

Nilimweleza tukinywa chai. Nilimwambia huko mbele vyuo vitabomoa kuta kati ya masomo; mkemia, mwanasheria na tabibu watakaa darasa moja, kwa sababu shimo moja linawahitaji wote. Nikamwambia wajukuu zake huenda wakasomea mambo ambayo leo hayana hata jina.

"Na wewe ukimaliza utaitwa nani?"

"Bado hawajaamua, baba."

"Basi mimi nitaitwa nani?"

Nilimwongezea chai. Tangu mama afariki tulibaki wawili tu, na asubuhi ile nilitaka kitu kimoja: anisindikize hadi stendi, anibebee begi, watu waone ameniaga kwa moyo mweupe.

Jirani yetu muuza uji akachungulia dirishani, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Baba Daktari. Daktari wetu ndiyo anaondoka? Usije ukatusahau na sindano zako, mwanangu."

Baba aliniangalia. Macho yake yaliniomba ninyamaze.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Siendi kusomea udaktari. Nakwenda kujifunza kutibu ardhi."

"Marahaba. Ardhi?" Alicheka hadi ndoo ya uji ikatikisika. "Sasa hiyo utaichoma sindano wapi?"

Nilicheka naye kidogo. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akavaa buti zake za karashani.

"Maji yameisha kwenye karasha," alisema, ingawa sote tulisikia linavyosaga vizuri.

Begi langu lilikuwa karibu na miguu yake. Alilizunguka taratibu, bila kuligusa, akatoka, akaufunga mlango.